Rezista Mbili Ndani ya Kopo

Saluni ya Acayo, ng'ambo ya barabara kutoka studio ya Mzee Okullo huko Makindye, Kampala, ilikuwa na viti vinne, kioo kimoja kilichopasuka pembeni na spika kubwa kuliko mlango. Ndiyo iliyokuwa mahakama. Kila wimbo uliotoka studio ulivushwa barabara ukiwa ndani ya simu, ukapigwa kwenye spika ile, na wanawake waliokuwa wakisukwa wakatoa hukumu bila hata kugeuza shingo. Miguu ikitikisika, wimbo umepita. Miguu ikitulia, wimbo urudi ulikotoka.

Jumatatu ile miguu yote ilitulia.

"Nelima," Acayo alisema, kitana kikiwa mdomoni, "hii ni wimbo ama ni nyuki?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nelima, fundi wa sauti aliyeuchanganya, alisimama kando ya spika, mikono nyuma, akitazama sakafu iliyojaa vipande vya nywele bandia.

"Besi iko wapi?" aliuliza Mzee Okullo. Alikuwa mstaafu wa bendi ya jeshi, alikopuliza tuba kwa miaka ishirini na mbili, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimevaa buti. "Mtu ya gitaa ya besi alikuja. Alipiga siku mzima. Nyinyi yote mliona yeye. Sasa nani alikamata yeye? Polisi?"

"Mzee, pale studio inasikika vizuri kabisa," Nelima alisema.

"Pale studio! Watu watanunua wimbo, halafu wakuje kusikiliza pale studio?"

Katembo, kiongozi wa kwaya iliyoimba wimbo huo, alikuwa mtu mpole kutoka Butembo, na upole wake ndio uliouma zaidi. "Dada Nelima, sisi batu ya Kongo, bila besi tunakuwa kama tunaimba na njaa. Munatuachia mifupa tu."

Kisha ukapigwa wimbo wa pili wa kwaya ileile, waimbaji walewale, chumba kilekile. Huu ulikuwa umechanganywa na Reine, fundi mpya wa studio. Besi ikaingia saluni kama mwenye nyumba, ikavua viatu, ikakaa. Miguu minane ikaanza kutikisika. Mwanamke mmoja aliyekuwa amelala kichwa kikiwa ndani ya beseni la kuoshea nywele aliinua kidole gumba juu, povu likimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Banange!" alisema Acayo. "Huyu msichana ameleta mtu ya gitaa kutoka jela."

Nelima alicheka pamoja nao. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya mwaka huo.

Alikuwa ametoka Bungoma miaka tisa iliyopita, akajifunza kazi katika kibanda cha kutengeneza redio kule Mengo, na Okullo alipofungua studio alimchukua yeye kabla hajanunua hata meza. Kwa miaka sita, kiti cha mbele ya mashine kilikuwa chake. Wanamuziki wa Kabalagala, watu wasiomheshimu mtu yeyote, walikuwa wakisema: mpelekee yule Mkenya, yule ana sikio. Sikio hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini, kabila lake na cheti chake.

Tangu Januari sikio lilikuwa limemtupa. Kila alichokichanganya kilitoka studio kikiwa kinene, kikafika saluni kimekonda. Hakumwambia mtu. Alikwenda kliniki akaoshwa masikio. Alijitia mafuta ya moto matone matatu kila jioni, akalala ubavu mmoja kama anayesubiri habari. Siku nyingine alisimama kando ya dirisha akisugua vidole karibu na sikio la kulia, halafu la kushoto, kujua lipi limekufa kwanza.

Na katikati ya hofu hiyo akatokea Reine.

Reine naye alikuwa wa Butembo kama Katembo. Aliingia studio mwezi wa Machi, mkoba begani, na ndani ya mkoba kopo la maziwa ya unga lenye kitufe kimoja na tundu moja la waya. Ilikuwa amplifaya ya hedifoni, aliyoiunda mwenyewe, ikitumia betri mbili ndogo za pembe nne. Okullo alipomwonyesha tundu la hedifoni la amplifaya kubwa ya studio, alitikisa kichwa kwa adabu. "Aksanti, papa. Mi nimezoea hii yangu." Hedifoni zenyewe zilikuwa sawa na za Nelima, ndugu wa tumbo moja, Okullo alizinunua mbili pamoja Desemba, baada ya zile nzito za zamani kukaliwa na mpiga ngoma mmoja mwenye mwili wake.

Kwa hiyo Nelima hakuwa na hata chombo cha kulaumu. Akabaki kumlaumu Reine. Alimchukia jinsi alivyofumba macho akisikiliza, eti anasali. Alichukia Kinande, lugha ya kwao Butembo, alichozungumza na Katembo, kwa sababu kila walipocheka aliamini wanamcheka yeye. Alichukia Okullo alivyomwita "mutoto yangu", wakati yeye kwa miaka sita aliitwa "wewe Nelima". Hata chai ya Reine ilimkera, kwa kuwa aliinywa bila sukari na hakulalamika. Na lililomchoma kuliko yote ni kwamba msichana huyo hakuwa na kiburi. Alimwita "yaya", dada mkubwa, akamwachia kiti chenye mto. Ni vigumu kumchukia mtu anayekuachia mto, lakini Nelima alijitahidi.

Jumatatu hiyo, waliporudi studio, Okullo alisimama mlangoni kama yuko gwaride.

"Alhamisi asubuhi kwaya inarekodi wimbo mupya. Wewe Nelima utachanganya yako, Reine yake. Wimbo moja, watu mbili. Ijumaa wanawake ya Acayo wachague. Yule wanachagua, kiti ni yake, albamu yote ya Katembo na zote zinakuja nyuma. Yule mwingine atavuta waya na kupanga maikrofoni. Kuna swali?"

Alhamisi kwaya ikaja, ikaimba, ikaondoka kabla ya saa sita. Okullo akaenda kulala kidogo. Reine akamsindikiza Katembo hadi sokoni kununua unga wa muhogo, akaacha kopo lake mezani, waya umezungushwa vizuri pembeni.

Nelima alilitazama kopo. Kopo nalo likamtazama.

Alijiambia anataka tu kuona lilivyo ndani. Fundi akiona kifuniko chenye skrubu nne anasikia muwasho, hilo si dhambi. Akafungua. Kazi ilikuwa safi, lehemu iking'aa, vituta vidogo kama mtama. Njia kutoka kwenye chipu hadi tundu la hedifoni ilikuwa wazi kabisa, bila kizuizi chochote.

"Huyu haogopi," alisema peke yake, kwa sauti.

Maana yeye aliogopa. Kila fundi aliyefundwa Mengo aliogopa. Wanakwaya huchomoa waya wa hedifoni nusunusu, ncha inagusana, amplifaya inaungua. Nelima alikuwa ameunguliwa na mbili hivyo. Ndipo mwalimu wake wa kibandani alipomfundisha dawa: weka rezista moja, kijiti kidogo cha kubana umeme, kila upande, kabla ya tundu, na mtu achomoe atakavyo. Ilikuwa mila ya kibanda kile. Hakuna chombo kilichotoka pale bila rezista mlangoni.

Akachukua rezista mbili za omu mia moja na ishirini kutoka kwenye boksi lake. Ninamwekea kinga tu, alijiambia, huku pasi ya kulehemu ikipata moto. Alijua ni uongo. Alijua sauti ingeshuka na Reine angebabaika, betri zingechoka upesi, na mtu aliyebabaika siku ya mtihani hushindwa. Nia yake ilikuwa hiyo: ambabaishe. Zaidi ya hapo hakuwa amefikiri. Wivu ulikuwa umeshika pasi, yeye alishika lehemu.

Alipomaliza alichomeka hedifoni kuhakikisha kwamba hajaharibu kitu kikaonekana. Akacheza ule wimbo wake wa Jumatatu, ule wa nyuki. Sauti ilikuwa ndogo, akaongeza kitufe.

Akakaa chini.

Besi ilikuwa imejaa. Ilikuwa nene, ya kunata, inaingia ikichelewa kutoka, inalalia sauti za wanawake. Ilikuwa ni ileile aliyoisikia kwa miezi mitano akiwa kwenye amplifaya kubwa ya studio. Wimbo uliokonda mbele ya Acayo ulikuwa umenenepa tena, hapa, ndani ya kopo la Reine, dakika moja tu baada ya yeye kuweka rezista.

Akaichomoa amplifaya kubwa ukutani, akaifungua mgongo. Zilikuwa pale. Rezista mbili, omu mia moja na ishirini kila moja, zimelehemiwa kwa mkono wake mwenyewe miaka mitatu iliyopita.

Sasa alielewa, tena haraka, kama mtu anayetambua sura. Hedifoni haikatai umeme kwa kiasi kilekile katika kila noti. Hizi mpya zimeandikwa omu thelathini na mbili, lakini kule chini, besi inakokaa, hukaza zikafika hata mara mbili au tatu ya hapo. Amplifaya yenye njia wazi haijali. Inasukuma noti zote sawa. Weka rezista katikati, nayo inaanza kugawana msukumo na hedifoni, na kila hedifoni inapokaza ndipo inapobaki na fungu kubwa. Besi inavimba. Tena kiwambo cha ndani kikishatikiswa hakina wa kukishika breki. Kinaendelea kuyumba noti ikiwa imekwisha. Hedifoni za zamani, zile zilizokaliwa, zilikuwa za omu mia sita. Mbele ya mia sita, rezista yake ilikuwa kokoto njiani. Mbele ya thelathini na mbili ilikuwa ukuta.

Na mtu anayesikia besi iliyovimba hufanya nini? Anaikata. Anaikata hadi masikioni mwake iwe sawa. Kisha wimbo unavuka barabara kwenda kwenye spika isiyo na uvimbe ule, unafika mifupa mitupu.

Sikio lake halikuwa limekufa. Alitaka kulia, akacheka, halafu akasikia lango likifunguliwa na sauti ya Reine ikimwambia Katembo kwamba muhogo wa Kampala una maji mengi.

Alikuwa na nafasi ya kufanya jambo moja: kuzitoa rezista ndani ya kopo, au kulifunga.

Akalifunga. Skrubu ya nne ilikaza wakati mlango unafunguka.

"Yaya, nimekuletea ndizi," Reine alisema.

Nafasi nyingine zilikuja mchana ule, Reine alipokuwa akichanganya wimbo wake, na Nelima aliziona zote zikipita. Reine alikwenda msalani. Reine alitoka kupiga simu nyumbani. Kila mara Nelima alilitazama kopo, akakumbuka kidole gumba chenye povu, akabaki alipo. Saa kumi na moja, Reine alipoondoka na kopo lake mkobani, Nelima alitoa rezista zake mwenyewe kwenye amplifaya kubwa, akavaa hedifoni, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba akasikia ukweli. Akachanganya wimbo mpya kwa saa moja, kwa furaha chafu.

Ijumaa saluni ilijaa. Habari ilikuwa imeenea, na Acayo, mwenye akili yake, alikuwa amepanga wateja watano wa kusuka kwa wakati mmoja.

Wa Nelima ukaanza. Mtu wa gitaa akarudi, mzima, kifua mbele. Miguu ikaenda. "Nnyabo Nelima, ulikuwa wapi siku zote hizi?" Acayo alipiga kelele, na mmoja wa wateja akainuka na nusu kichwa kikiwa hakijasukwa, akazungusha kiuno mara mbili, akavutwa chini kwa nywele.

Wa Reine ukafuata. Nyuki.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamejiandaa kuupenda. Acayo alitazama spika, akaigonga kwa kisigino. Okullo alikunja uso kama aliyepewa tuba yenye tundu. Katembo akasema kitu taratibu kwa Kinande.

"Kiti ni ya Nelima," Okullo akasema. "Imekwisha."

Nelima alingoja furaha. Alikuwa ameitengenezea nafasi. Badala yake alimwona Reine akijibanza kwenye pembe ya kioo kilichopasuka, akiinua mkono, akisugua vidole karibu na sikio la kulia. Halafu la kushoto.

"Yaya," Reine alisema, sauti ndogo. "Jana betri ilikuwa inaisha upesi, nikaweka mpya, ikaisha tena. Nikaongeza kitufe. Besi ilikuwa mingi sana, nikakata, nikakata. Mi nilikuwa na uhakika. Kule kwetu bomu moja lilianguka karibu na shule. Hili sikio lililia wiki mbili. Daktari alisema siku moja linaweza kuniacha. Unafikiri ndiyo siku yenyewe?"

Nelima alifungua mdomo aseme pole. Ilikuwa rahisi: pole, mdogo wangu, utapumzika, utavuta waya polepole. Angeisema na kiti kingekuwa chake mpaka azeeke. Lakini aliyajua yale mafuta ya moto, matone matatu. Aliujua ule usiku wa kulala ubavu mmoja. Alikuwa amemtakia Reine mabaya mengi, ila hilo alikuwa amelionja mwenyewe.

"Sikio lako ni zima," alisema. "Lete kopo."

"Kopo lina nini?"

"Lina rezista mbili. Mimi nimeziweka. Jana, mkiwa sokoni."

Mashine ya kukaushia nywele ndiyo pekee iliyoendelea kunguruma, mpaka Acayo alipoichomoa ili asikose neno.

"Kwa nini?" aliuliza Reine.

Nelima angeweza kusema kinga, mila ya kibanda, ncha zinagusana. Jibu lilikuwa mlangoni mwa ulimi. "Kwa sababu walikupenda," alisema.

"Yiii!" mteja mmoja akapumua. "Mkenya huyu mchawi wa waya."

"Nyamaza," alisema Acayo, "nasikia."

Okullo alipoongea, aliongea chini, jambo lililowatisha waliomfahamu. "Kwa bendi yetu, mtu aliziba tarumbeta ya mwenzake na kitambaa. Siku ya gwaride. Unajua sisi tulifanya nini?"

"Hapana, mzee."

"Tulimpa hiyo tarumbeta. Apige mbele ya watu, na kitambaa ndani." Akanyoosha kidole. "Utatoa hiyo vitu hapa, mbele ya hawa. Halafu Reine anarudia. Saa kumi tunasikia tena. Hukumu ya kwanza imekufa."

Nelima alivuka barabara akaleta pasi ya kulehemu, akaichomeka kwenye soketi ya mashine ya nywele. Aliinama juu ya kopo katikati ya harufu ya mafuta ya nywele, wanawake wakimzunguka na vichwa vyao nusu nusu, na mmoja alikuwa akitafsiri kila hatua kwa Kiganda kwa faida ya walioketi nyuma. Alizitoa rezista, akaunganisha njia kama ilivyokuwa. Reine alichukua kopo, akakagua lehemu kwa muda mrefu, akaondoka nalo.

Saa kumi nyimbo zote mbili zikapigwa tena. Sasa amplifaya zote mbili zilikuwa na njia wazi, hedifoni zilikuwa ndugu wa tumbo moja, wimbo ulikuwa mmoja.

Wa Nelima ukatikisa miguu kama asubuhi. Wa Reine nao ukaitikisa, vilevile, besi kwa besi. Nelima akaanza kupata tumaini. Ndipo ukafika ubeti wa pili. Kabla tu ya wanawake wa kwaya kuingia, Reine alikuwa amevishusha vyombo vyote kidogo, kiasi cha pumzi, na katika uwazi ule akasikika Katembo akivuta hewa, kama mtu anayetaka kusema jambo la nyumbani. Halafu wanawake wakaingia wote. Mikono ya wasusi ikasimama juu ya vichwa.

"Hii," alisema Acayo.

Nelima alitafuta kisingizio. Alitafuta amplifaya, hedifoni, Kinande, chai, bomu. Hapakuwa na hata kimoja cha kushika. Wivu ulikuwa palepale kifuani, mkubwa kama jana, ila sasa haukuwa na mahali pa kuegemea. Yeye pia alikuwa ameisikia ile pumzi alipokuwa akichanganya. Aliisikia, akaifuta, akidhani ni kelele.

"Reine kwenye kiti," Okullo akasema. "Wewe Nelima, waya."

Walivuka barabara kurudi studio, Reine mbele. Mlangoni Nelima alimwita.

"Pale kabla ya wanawake kuingia. Ulijuaje kuiacha?"

Reine aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu na hayakuwa na haraka ya kusamehe.

"Leo sikuambii, Nelima," alisema, akaingia, akakaa kwenye kiti.

Nelima akapiga magoti chini ya meza, akaanza kukunja waya.